Kibao cha Nasir Fundi Taa

Zeituni alikua akiuchukia mwezi. Watoto wenzake wa mtaa wa Manyatta, Kisumu, waliungojea kwa hamu, maana usiku ukiwa mweupe mama zao waliwaacha wacheze nje mpaka wachoke. Yeye ulipoanza kunenepa juu ya mapaa ya mabati alinuna, kwa kuwa alijua kinachofuata: babake angeinama, avute mkoba wa turubai kutoka chini ya kitanda, na kesho yake asionekane.

Mzee Nasir alikuwa fundi wa karabai, zile taa za pampu zinazovuma kama nyuki. Wavuvi wa omena huvua gizani. Huelea na taa zao ziwani, samaki wale wadogo wakaifuata nuru, na wavu ukapita chini yao. Lakini mwezi ukiwaka, ziwa zima huwa jeupe na taa haimdanganyi yeyote. Hapo mitumbwi hukaa ufuoni, nyavu hushonwa, na karabai hupelekwa kwa fundi. Kwa hiyo mwezi uliowapumzisha wavuvi ndio uliomwita Nasir kazini, na giza lililowaita wao majini ndilo lililomrudisha yeye nyumbani.

"Utarudi lini?" Zeituni alikuwa akimuuliza mlangoni.

Babake hakutaja siku hata mara moja. Alinyoosha kidole juu. "Ukiliwa wote, nitakuwa hapa."

Na kweli, ulipoliwa wote alirudi, akinuka mafuta ya taa na moshi wa samaki. Alikula, akaswali, akalala. Alilala asubuhi, akalala baada ya adhuhuri, na mamake Zeituni, Mama Naeema, aliwafukuza watoto wa jirani wasipige kelele dirishani. Ijumaa alipika pilau mwenyewe na kuwachekesha kidogo. Kisha Zeituni aliona uzi mwembamba wa mwezi mchanga upande wa magharibi, naye akaanza kununa tena.

Palikuwa na kibao nyuma ya mlango. Kilikuwa cha mbao ya mvule, kimeandikwa kwa rangi nyekundu na mkono wa Nasir mwenyewe: NASIR FUNDI TAA, na pembeni karabai ndogo yenye miale ya njano. Siku moja, Zeituni akiwa bado darasa la pili, alimuuliza kwa nini hakitundiki.

"Nikitulia nitakitundika."

"Utatulia lini?"

"Mwezi ukikataa kuwaka," alisema, akacheka na kumvuta sikio.

Mwezi haukukataa. Nasir alikwenda na kurudi mpaka ndevu zikawa nyeupe, mpaka taa za sola zikaingia ziwani na karabai zikaanza kuuzwa kama vyuma chakavu. Kisha kifua kikamlemea, akalala siku zilizobaki katika nyumba ile ile, mwezi uwepo usiwepo, akafa. Kibao kikabaki nyuma ya mlango, kikifutwa vumbi kila Ijumaa.

Zeituni alikuwa amesomea umeme chuoni. Aliwahi kuolewa Mumias. Ndoa ikavunjika bila kelele, kama kikombe kilichokuwa na ufa tangu dukani, akarudi kwa mamake. Sasa, miaka arobaini na kitu ikiwa mgongoni, alikuwa na kibanda cha ufundi kando ya barabara ya Nyalenda, akitengeneza taa za sola za wavuvi wa Dunga. Kibanda hakikuwa na jina. Waliomtafuta waliambiwa "kwa nyar Nasir", yaani kwa binti Nasir, nao wakafika.

Hakutaka makubwa duniani. Alitaka kukitundika kile kibao. Wazo lilimjia jioni moja akifunga kibanda, nalo likakataa kuondoka. Alijiona akikipigilia juu ya mlango wake, na babake akiwa hatimaye ametulia: ana mahali pamoja, mchana na usiku, mahali ambapo mtu akimtafuta anamkuta. Ni wazo la kitoto, alijua. Lakini si kila wazo la kitoto huisha kwa sababu mwenyewe amekua.

Afisa wa kaunti aliyepita kukagua vibanda alimwambia atundike akitaka, ila jina liwe limeandikishwa kwa msajili. Ndipo alipokwenda kwa Bridget Akinyi.

Bridget alikuwa na chumba cha kompyuta karibu na soko la Kibuye, na nusu ya Kisumu ilimfahamu. Aliwatafutia watu vyeti vya kuzaliwa, pasipoti, leseni, na hata waume kama angeombwa. Alimwona Zeituni akavua miwani.

"Nyar Nasir! Leo umekumbuka sisi? Nilidhani umetuhama."

"Nimekuja kuandikisha jina la biashara. La baba."

"Hiyo ni kazi ya dakika. Keti." Vidole vya Bridget vilicharaza, kisha vikasimama. "Aii. Imechukuliwa hiyo."

"Na nani?"

"Ona mwenyewe. Wako watatu kwa rejista." Aligeuza kompyuta. Palikuwa na *Nasir Fundi Taa*, Port Victoria. Palikuwa na *Nasir Fundi Taa Kisumu*, Kondele. Na palikuwa na *Nasir Fundi Taa na Stovu*, Bondo. "Pengine babako aliandikisha zamani bila kukuambia. Wazee wako hivyo. Kama ni yake, tunajua pa kuanzia. Kama si yake, tutafute jina lingine."

"Ni yake," Zeituni alisema, na kidole chake kilikuwa kimekwishagusa kioo. "Hii ya katikati."

"Umejuaje?"

"Si imeandikwa Kisumu?"

Bridget alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeharakisha kunyoosha mkono. "Mama, biashara haichaguliwi kama nyanya, ati hii ndiyo nyekundu. Kila moja ina namba yake ya usajili, tarehe, kazi inafanywa, na mwenyewe. Wacha tuitishe taarifa rasmi, ikuje, tusome pole pole."

"Ya nini? Baba alikuwa mtu wa Kisumu. Amezaliwa Kaloleni hapa hapa, amezikwa Kisumu. Bondo alikuwa na nani? Niandikie mahali penyewe ilipo."

"Haya. Miguu ni yako," Bridget alisema, akamwandikia.

Kondele ilikuwa inachemka kama kawaida. Nyuma ya kituo kimoja cha petroli, kati ya magurudumu na vipande vya magari, Zeituni aliwakuta vijana watatu wamezunguka lori lisilo na macho. Alisimama, akarekebisha mtandio wake. Pengine Baba alikuwa na karakana hapa miaka ile yote, akajiambia, na mimi nilipita barabarani nisijue.

"Hamjambo wanangu. Natafuta biashara ya marehemu Nasir, fundi taa."

Miguu iliyokuwa chini ya lori ilitulia. Kisha kichwa kikatokea, kimepakwa grisi.

"Marehemu?"

"Ndiyo."

"Mama," alisema yule kijana, akijifuta mikono polepole kwa heshima, "Nasir ni mimi."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akashikilia bodi ya lori. "Omera, umekufa na hukutuambia?"

"Ndio maana jana hakununua chai! Maiti hainunui chai!"

"Mama, umeleta matanga? Tuanze kuchinja?"

Zeituni naye alicheka kidogo, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Kijana aliwanyamazisha wenzake, akamletea kiti cha plastiki. Yeye alitengeneza taa za magari, alisema, na jina la biashara alijitungia mwenyewe alipokuja kutoka Garissa. "Babako alikuwa wa taa gani?"

"Karabai."

Kijana alifikiri. "Karabai ndiyo nini?"

Swali hilo lilimchoma kuliko kicheko. Alijaribu kueleza pampu, kile kitambaa chembamba kinachowakia, mvumo wake, na huku akieleza aliona kwamba anamweleza mtu ambaye hajawahi kuisikia ikivuma, kama kumsimulia mtu sauti ya marehemu. Akashukuru, akaondoka.

Bridget hakumsuta, au hakumsuta sana. "Umefufua mtu leo," alisema tu, akamsogezea chai. Kisha akakaa kando yake badala ya mbele yake. "Sasa nikuulize, na ujibu pole pole. Babako alifanya kazi wapi?"

"Nimekwambia. Kisumu."

"Kisumu alilala. Wewe mwenyewe ndiyo ulinisimulia. Nauliza alifanyia kazi wapi? Hii rejista haijui pahali mtu analala. Inajua pahali mteja anamkuta."

Zeituni alishika kikombe asinywe. Ilimwingia polepole, kama maji yanavyopenya mtumbwi mbovu, ambayo mtu huyaona tu yakishafika kwenye vifundo vya miguu. Maisha yake yote alikuwa na baba wa Kisumu aliyesafiri kikazi. Kumbe palikuwa na fundi wa mahali pengine, mwenye benchi na wateja na majirani, ambaye alikuja Kisumu kupumzika. Waliompata akiwa macho walikuwa wengine. Yeye alipewa usingizi wake.

"Itisha ya Port Victoria," alisema. "Ndiyo iliyo ufuoni kwa wavuvi."

Taarifa ilipokuja, Bridget alimwambia alete kitambulisho cha marehemu, kile ambacho Mama Naeema alikihifadhi ndani ya msahafu. "Jina watu hupeana bure," alisema, "hata paka anaweza kuitwa Nasir. Namba ya kitambulisho haipeanwi. Soma yako, nisome yangu." Wakasoma tarakimu moja moja, mmoja akitaja na mwingine akiitikia, kama watoto wanaosomeshwa. Zililingana zote. Kazi: kutengeneza karabai. Mahali: ufuo wa Port Victoria. Anwani ilikuwa sanduku la shule moja ya msingi ya huko, kwa maana watu wa ufuoni hawana masanduku ya posta; barua zao hufika shuleni, zikapelekwa na watoto wakitoka masomoni. Mwaka wa kuandikishwa ulikuwa mwaka aliozaliwa Zeituni.

Wenyewe walikuwa wawili. Nasir Obeid Shakir. Selpha Naswa.

Bridget alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Yawa," alisema mwishowe. "Huyu mama ni nani?"

"Simjui."

"Basi ujue hivi. Mmoja akifa, jina linabaki kwa mwenzake. Bila sahihi ya huyu Selpha, hutundiki kitu."

Alirudi nyumbani. Mamake alikuwa amekaa barazani akichambua mchele, akamuuliza mbona amekunja uso. Zeituni akajibu jua lilikuwa kali. Alimtazama mamake akichambua, kichwa kimeinama, akawaza juu ya mwanamke huyu aliyefunga na kufungua mkoba wa mumewe miaka yote hiyo, akashindwa kulitamka jina la mwanamke wa pili ndani ya nyumba ile. Asubuhi yake aliaga kwamba anakwenda kununua vifaa, akashika njia ya Port Victoria.

Alifika jua likiwa utosini. Omena walikuwa wameanikwa juu ya nyavu kando ya maji, fedha tupu mpaka macho yakauma, na wanawake walipita kati yao wakiwageuza kwa mafagio. Alimuuliza mmoja. Mwanamke hakuacha kufagia, alinyoosha kidevu tu. "Kwa fundi? Ile nyumba yenye taa kwa paa."

Aliziona kabla ya kuiona nyumba: taa za sola, safu kwa safu juu ya mabati, zimeelekezwa juani kama kuku wanaoota joto. Na juu ya baraza, kimepauka, kimepasuka pembeni, kilikuwa kimetundikwa kibao cha mbao ya mvule. NASIR FUNDI TAA. Karabai ndogo. Miale ya njano iliyobaki ni miwili tu.

Kwa hiyo alikuwa amechora viwili. Cha huku alikitundika.

Chini yake aliketi mwanamke mzee, mnene, miguu ameinyoosha, taa iliyofunguliwa ikiwa mapajani. Aliishika karibu sana na uso. Aliinua macho, akakaa akimtazama Zeituni kwa muda kisha akaiweka taa chini.

"Wewe ni Zeituni."

"Umenijuaje?"

"Umekunja uso kama yeye akitafuta pampu inavuja wapi. Karibu, mwanangu. Mimi ndiye Selpha. Keti hapo, hicho kigoda ni chake, hakiumi."

Zeituni aliketi. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, lakini Selpha akamwahi. Alicheka kwa sauti nzito.

"Unataka kuuliza kama nilikuwa mke wa babako. Uliza tu! Hapa ufuoni wameuliza mpaka wakachoka wakaanza kuuliza habari za wengine."

"Ulikuwa?"

"Mimi? Na mtu ambaye hata akioga mara mbili bado ananuka mafuta ya taa? Mume wangu alikuwa hai wakati huo, mkubwa kama mlango. Yeye ndiye alimleta." Alimkaribia. "Sikiliza. Mgeni hapa hapewi pa kukaa mpaka mwenyeji amsimamie. Akiharibu kitu cha watu, anaulizwa mwenyeji. Mume wangu alivua samaki wakubwa, alikuwa majini mwezi uwepo usiwepo, wangemuulizia wapi? Nikasimama mimi. Kwanza nilikuwa namchungia tu benchi. Halafu nikaanza kumwashia taa akizimaliza, nione kama zinakohoa. Mwishowe tukawa mafundi wawili, ingawa yeye alidai mimi ni fundi nusu."

"Na kuandikisha?"

"Ulipozaliwa wewe. Alikuja hapa anapiga mluzi njia nzima, tukamsikia kabla hatujamwona. Akasema, Selpha, sasa nina mtoto, hii kazi lazima iwe na jina ambalo haliwezi kupotea. Nikamwambia mimi pia nina watoto, jina langu liwemo. Tukaenda."

Upepo wa ziwa ulileta harufu ya samaki na magugumaji. Zeituni alikuwa na swali moja, lile alilolibeba tangu utotoni, akaona aibu nalo, akalisema hivyo hivyo.

"Alikuwa akinitaja?"

Selpha hakuwa na haraka. Alifuta kioo cha taa kwa upindo wa leso. "Mwezi ukichelewa kuisha, wavuvi wote hapa hulalamika, maana watoto wanalala njaa. Naye alilalamika nao. Walikuwa wanamcheka: Fundi, wewe unalia nini, si mwezi ndio unakulisha? Anawaambia, unanilisha, ndiyo, lakini giza ndilo linanipeleka kwa Zeituni."

Mwanamke mwingine angelia hapo. Zeituni alitazama maji. Alikuwa amemnunia babake kila mwezi ulipopanda, na hapa babake alikuwa ameunung'unikia mwezi uo huo. Walikuwa wakiuchukia pamoja, kila mmoja ufuoni kwake, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

"Lakini usidhani alikaa hapa akihuzunika," Selpha aliongeza, kwa maana hakuwa mtu wa kupaka asali pasipohitajika. "Alicheka sana huyo. Aliimba. Alikuwa na hadithi ya fisi na padri, tulimwomba airudie mpaka benchi likatikisika."

"Kwetu alilala tu."

"Kwenu alipata usingizi, mwanangu. Hapa hakuupata."

Mwanamke mmoja alileta taa, akaiacha barazani kama mtu anayeacha mzigo kwake. Zeituni aliona asipolisema sasa hatalisema.

"Mama Selpha, nimekuja kuomba jina. Nataka kukitundika kibao chake Kisumu. Alisema akitulia atakitundika. Nataka atulie."

"La," Selpha alisema. Alilisema bila hasira, kama mtu aliyeulizwa iwapo mvua imenyesha. "Nimeketi chini ya hicho kibao nusu ya maisha yangu. Ukilichukua jina, hawa watu watapeleka taa zao wapi? Mimi sijafa. Na huyo unayesema atulie, alitulia hapa. Usininyang'anye yeye mara ya pili."

Zeituni aliinamisha kichwa. Alikuwa hajafikiri kwamba huku nako palikuwa na mtu aliyehesabu mwezi. Alipokuwa yeye anakesha akiomba giza lije, mwanamke huyu alikuwa anaomba mbalamwezi. Aliinuka, akapangusa gauni, akatafuta maneno ya kuaga.

"Unaenda wapi? Keti. Umesema unachotaka, hukuniuliza mimi nataka nini."

"Unataka nini, Mama?"

"Nataka mtu." Selpha alimsogezea ile taa iliyofunguliwa. "Hii sola ina vidude kama mayai ya chawa. Macho yangu yamechoka. Watoto wangu wako Nairobi, hawataki hata kusikia harufu ya omena. Ingia mahali pake. Mtu wa kompyuta huko kwenu aandike: Nasir ametoka, Zeituni ameingia, kazi iko Port Victoria na iko Kisumu. Nitatia sahihi hata leo. Tundika kibao chako. Lakini mwezi ukiwaka, uje hapa."

"Kwa nini mwezi ukiwaka? Hizi si karabai."

"Taa ni taa. Giza likiwako ziko wapi?"

Ziko majini, alijijibu Zeituni, na hurudi ufuoni mwezi ukiwaka. Zeituni aliichukua ile taa. Waya mmoja mwembamba kama unywele ulikuwa umeachia. Alikuwa ameuona tangu aketi, vidole vikimwasha. Aliurudisha mahali pake. Taa ikawaka mchana kweupe, nuru yake ikapotea katika jua.

"Haikohoi," alisema Selpha.

Bridget alifanya mabadiliko akishangilia kana kwamba ni harusi. Hati ya mabadiliko ilipofika, Zeituni alikipeleka kibao kibandani, akapanda juu ya kreti ya soda na nyundo, na Mama Naeema akasimama chini na misumari mkononi.

"Kulia kumeshuka."

"Sasa?"

"Kimeshuka bado. Babako naye hakuwa na jicho la usawa."

Kilikaa. Rangi yake ilikuwa mbichi kama ya jana, kwa kuwa hakikuwahi kuona jua. Wapita njia walikisoma kwa sauti, wavuvi wa Dunga wakamtania kwamba sasa atawaringia. Zeituni alitoka nje mara nyingi siku ile bila sababu, akarudi ndani, akatoka tena. Alingoja kuhisi kwamba babake ametulia. Alihisi kitu, lakini hakikuwa hicho.

Kisha jioni moja akaona uzi wa mwezi upande wa magharibi. Siku zikapita, ukajaa tumbo.

Alipoingia chumbani kujitayarisha kwa safari ya Port Victoria, ambayo alikuwa amemwambia mamake ni ya kazi tu, alimkuta mamake ameuweka mkoba wa turubai kitandani. Ndani mlikuwa na taulo, tende, kahawa iliyosagwa, msala uliokunjwa mara nne. Juu ya vyote palikuwa na pakiti ya majani ya chai.

"Haya ni ya nani? Mimi sinywi chai hii."

"Ya Selpha. Anapenda hii nyekundu, nyingine anasema ni nyasi."

Zeituni aliketi. "Mama, ulimjua?"

"Kumjua namna gani? Hatujaonana hata siku moja. Kila mwezi nilimpelekea chai, naye akaniletea omena wa kukaanga. Unadhani wale omena aliorudi nao babako kila giza walitoka wapi?"

Aliwala utotoni mwake wote. "Mbona hukuniambia?"

Mama Naeema alifunga kishikizo cha mkoba, kile kilichokuwa kigumu, kwa kukibonyeza kwa goti kama alivyofanya siku zote. "Ningekuambia saa ngapi? Kila niliposhika mkoba huu, wewe ulitoka chumbani."

Asubuhi Zeituni alifunga kibanda kwa kufuli. Alisimama chini ya kibao, akakitazama juu ya mlango uliofungwa: NASIR FUNDI TAA, na fundi hayupo. Akaupitisha mkanda wa mkoba begani. Turubai ilikuwa imekwisha kujikunja kwa bega la mtu mwingine, lakini ilimkaa.

Mamake alikuwa amemsindikiza mpaka barabarani, akiegemea fimbo. "Utarudi lini?"

Zeituni hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Mkono wake uliinuka wenyewe, ukaelekeza mbinguni, mahali ambapo mwezi wa asubuhi ulikuwa bado haujazama, mweupe kama ganda la yai.

"Ukiliwa wote, Mama, nitakuwa hapa."

"Hata yeye alisema hivyo hivyo," Mama Naeema alisema, akimwekea mtandio sawa kichwani. "Na mara nyingine alichelewa. Haya, nenda, jua lisikukute njiani."